Chumvi ya viatu: kipakiti kinachotupwa sokoni kinaweza kuokoa karatasi za nyumba

Bukavu. Mvua inaporudi mwezi wa Septemba, wakaaji wa Bukavu wanakagua kwanza vitu viwili: mabati juu ya nyumba na mfereji wa pembeni. Wana haki. Kila mwaka maji yanashuka na mawe, kuta zinaanguka, na redio zinatangaza avenyu zilizopata hasara. Lakini kuna hasara nyingine isiyotangazwa, sababu haina kelele. Inafanyika chini ya kitanda, ndani ya sanduku lililofungwa kwa kufuli, kuanzia Septemba mpaka Mei. Ni kuvu. Inakula karatasi polepole, na mwenye sanduku anapata habari siku ile anapohitaji karatasi yenyewe.

Habari hii ni juu ya hasara hiyo, na juu ya kitu kidogo kinachokanyagwa kila siku kwenye soko la Kadutu bila mtu kukiokota: kile kipakiti cheupe chenye punje kama chumvi, kinachotoka ndani ya karto ya viatu vipya.

Mji usiokauka

Bukavu iko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, kwenye ncha ya kusini ya Ziwa Kivu. Hewa yake ni baridi kidogo, na wageni wanaisifu sana. Anayekaa hapa anajua upande wa pili wa sifa hiyo. Nguo zilizofuliwa Jumatatu zinavaliwa Alhamisi zikiwa bado na harufu. Chumvi ndani ya mkebe inageuka maji. Kiberiti kinasuguliwa mara tano. Viatu vya ngozi vinavyongoja harusi vinaota ndevu nyeupe. Katika kartie za mlimani, kama Cimpunda au Nyamugo, nyumba nyingi ni za mbao, zimeegemea udongo uliochimbwa, na ukuta wa nyuma haupati jua hata siku moja. Ni kwenye ukuta huo ndipo kitanda kinawekwa, na chini ya kitanda ndipo sanduku linakaa.

Ndani ya sanduku mna nini? Katika nyumba nyingi ni vilevile: akti za kuzaliwa za watoto, akti ya ndoa, diploma ya serikali ambayo mwenye nayo aliingoja miaka, kadi ya mpiga kura, kadi za chanjo, picha za marehemu, na karatasi za parsele. Hizi za mwisho ndizo nzito. Sheria ya ardhi ya mwaka 1973 inataka haki ya mtu juu ya kiwanja ithibitishwe na sertifika ya usajili. Lakini mlimani wengi hawajafika huko. Walicho nacho ni karatasi ya mauzo iliyoandikwa kwa mkono, sahihi za mashahidi ambao wengine wamekwisha kufa, na muhuri wa kiongozi wa wakati ule. Karatasi moja tu. Ikioza, ushahidi umebaki midomoni mwa watu, na midomo ya watu inajulikana.

Mjane na muhuri usiosomeka

Mama mmoja wa Cimpunda, muuza viatu, alijifunza jambo hilo mwezi wa Machi. Mumewe alifariki na kumwachia watoto wanne na nyumba ya vyumba vitatu. Miaka ya kwanza ilipita kwa amani. Halafu bei ya viwanja ikapanda, na shemeji mkubwa akaanza kupita pale jioni, kwanza kusalimu, baadaye kuuliza.

"Mukwe, hii parsele ni ya ndugu yetu. Uko na karatasi gani?"

"Niko nayo, shemeji. Iko ndani."

"Basi ulete tuone. Familia inataka kujua."

Mama akavuta sanduku. Bahasha ilikuwa na joto la ajabu, kama kitu kilicho hai. Karatasi tatu zilikuwa zimeshikana na kuwa moja. Alipojaribu kuziachanisha, ya katikati ikatoka vipande viwili. Maandishi ya biki yalionekana bado. Muhuri haukuonekana: wino wake wa rangi ya zambarau ulikuwa umetawanyika na kuwa doa, na juu ya doa kulikuwa na madoa mengine, meusi, ya kuvu. Akti ya ndoa ilikuwa chini kabisa, upande wa ukuta. Jina la mume lilisomeka. Namba ya usajili haikusomeka.

Shemeji hakupiga kelele. Aliangalia, akatikisa kichwa, akasema: "Mukwe, hii si karatasi tena." Akaenda zake.

Kwa mtu asiyeijua Kivu, maneno hayo yanaweza kuonekana madogo. Sheria ya familia ya mwaka 1987, iliyorekebishwa mwaka 2016, inawaweka watoto mbele katika urithi, na inampa mjane haki ya kuendelea kukaa katika nyumba aliyoishi na mumewe. Lakini ili sheria imlinde, mjane anaonyesha kwanza kwamba alikuwa mke, na kwamba nyumba ilikuwa ya mume. Vyote viwili vinaonyeshwa kwa karatasi. Mwanamke aliyefunga ndoa ya kweli mbele ya serikali, akapoteza namba ya akti, anarudi kusimama mahali pamoja na yule ambaye hakufunga: anaanza kutafuta mashahidi.

Alipofika ofisini kuomba nakala, aliambiwa kitabu cha mwaka ule hakijapatikana, arudi wiki ijayo. Amerudi mara nyingi. Kila safari ni siku moja bila kuuza.

Jambo lililomuumiza zaidi si hata shemeji. Kila asubuhi, akifungua karto za viatu ili kuvipanga, alikuwa anatoa kipakiti kimoja katika kila karto na kukitupa chini kwenye matope. Viatu vile vilisafiri baharini wiki nyingi toka Uchina, vikapita njia za mvua mpaka Bukavu, vikafika bila hata doa moja. Karatasi zake hazikusafiri popote. Zilioza palepale nyumbani.

"Utupe hiyo, ni sumu!"

Aliyeunganisha mambo haya mawili ni binti yake mkubwa, mwanafunzi wa sekondari katika seksheni ya kimia na biolojia. Alirudi siku moja na mfuko wa vipakiti aliviokota kwenye meza ya mamake. Koko yake, anayekaa nao, alishtuka.

"Utupe hiyo! Mutoto akikula atakufa. Si wameandika hapo?"

Wameandika kweli. Juu ya kipakiti kuna maneno ya Kiingereza, mara nyingine ya Kifaransa au Kichina, yanayosema isiliwe, tena itupwe. Mara nyingine wanachora mtu mwenye alama ya kukatazwa mdomoni. Toka hapo, Bukavu nzima imeamua kwamba ni sumu ya panya.

"Koko, hii haiko sumu. Mwalimu alisema ni kama muchanga."

"Muchanga gani unaandikwa usile?"

Binti hakuwa na jibu la haraka, lakini mwalimu alikuwa na haki. Punje zile ni silika, ndugu ya mchanga: silikoni na oksijeni. Tofauti ni namna zilivyotengenezwa. Kiwandani wanachanganya silikati ya sodiamu na asidi, inapatikana jeli, inaoshwa, inakaushwa, na maji yanapotoka yanaacha ndani ya kila punje matundu madogo ambayo jicho haliyaoni. Kuta za matundu hayo, zikitandazwa, zinafika mamia ya mita za mraba katika gramu moja tu. Maji yaliyomo hewani yanakuja kushikamana na kuta hizo na kubaki hapo. Punje haivimbi wala haiyeyuki, na kwa mkono inaonekana kavu hata ikiwa imejaa. Katika hewa yenye unyevu mwingi, silika nzuri inaweza kubeba maji karibu asilimia 40 ya uzito wake.

Si uvumbuzi wa juzi. Profesa Walter Patrick wa chuo kikuu cha Johns Hopkins, kule Baltimore Marekani, ndiye aliyepata hati ya uvumbuzi wa namna ya kuitengeneza, mwaka 1919. Wakati wa vita ya kwanza ya dunia ilitumika katika vifaa vya kujikinga na gesi. Leo iko katika viatu, mikoba, simu, kamera na chupa za dawa.

Kwa nini basi wanaandika isiliwe? Sababu ya kwanza ni mtoto kupaliwa na punje au kipakiti chenyewe. Silika nyeupe haisagiki tumboni na kwa kawaida inatoka kama ilivyoingia. Hata hivyo si chakula, na vumbi lake si zuri kwa mapafu. Hofu ya koko haikuwa ujinga. Ilikuwa na sababu yake, ila si ile aliyodhani.

Kwa nini kipakiti peke yake hakisaidii

Binti aliweka vipakiti kumi ndani ya sanduku la bati na kufunga kufuli. Baada ya wiki mbili, karatasi zilikuwa na ubaridi uleule. Koko akacheka.

Hapa ndipo wengi wanakata tamaa, na kosa ni moja tu. Kufuli inazuia mwizi, haizuii hewa. Sanduku la bati lina nafasi pembeni, na hewa ya Bukavu haiishi. Kipakiti kilichowekwa kabatini au ndani ya sanduku linalopitisha hewa kinajaa kwa siku chache, halafu kinabaki pambo. Tena vipakiti vilivyookotwa sokoni vilikwisha kujaa kabla havijafika nyumbani, sababu viliachwa wazi tangu karto ilipofunguliwa.

Kuna jambo la pili ambalo hesabu inalionyesha vizuri. Hewa ya digrii 20, ikijaa unyevu kabisa, inabeba karibu gramu 17 za maji katika mita moja ya ujazo. Ndoo ya lita 20 inabeba basi chini ya nusu gramu. Ni kidogo sana; kipakiti kimoja kinaweza kuimaliza. Maji mengi hayako hewani, yako ndani ya karatasi yenyewe. Bahasha nene ya karatasi zilizonyonya unyevu tangu Septemba inaweza kuficha gramu nyingi za maji bila kulowa mkononi. Mtu akiifunga hivyo ndani ya plastiki, hata na vipakiti, ameifungia kuvu chakula chake.

Kwa hiyo utaratibu ni huu: kwanza kukausha kitu, pili kukausha vipakiti, tatu kufunga mahali hewa isipopita. Ukiruka hatua moja, zile mbili zimepotea bure.

Namna ya kurudisha nguvu ya vipakiti

Silika iliyojaa haijafa. Inahitaji moto tu. Ikifika digrii 110 au 120 kwa saa moja au mbili, maji yanaachia kuta na kutoka kama mvuke, na punje zinaanza upya. Zinaweza kurudia safari hiyo mara nyingi. Jua la Bukavu linasaidia kidogo wakati wa kiangazi, Juni mpaka Agosti, juu ya bati lenye moto. Wakati wa mvua halitoshi.

Nyumba nyingi hazina furu ya umeme, na hata wenye nayo hawana umeme kila siku. Kuna mbabula. Mama wa Cimpunda na binti yake walifika kwenye njia hii baada ya kuunguza vipakiti vya kwanza, vilivyotoa harufu ya plastiki:

Wanakata vipakiti na kumwaga punje nyeupe ndani ya sufuria kuukuu ambayo haipikiwi tena chakula. Chini ya sufuria wanatandaza mchanga mkavu, na juu ya mchanga wanaweka mfuniko wa mkebe wenye punje, ili moto usizipige moja kwa moja. Hawawashi makala mapya. Gunia limekuwa ghali. Wanangoja ugali uive, halafu wanatumia moto unaobaki. Wanakoroga na kijiko cha chuma polepole. Punje zikipasuka na kulia kama mahindi, moto ni mkali mno. Zikigeuka kahawia, zimeungua au zilikuwa na uchafu. Baada ya saa moja na zaidi, wanazimwaga zikiwa bado na moto ndani ya chupa kavu ya kioo iliyopashwa pembeni ya mbabula, ili isipasuke, na kuifunga mara moja. Zikiachwa zipoe wazi zinaanza kunywa hewa palepale.

Zikishapoa, zinashonwa katika vifuko vidogo vya kitambaa cha pamba, kile cha shati lililochakaa. Mshono uwe mdogo mdogo, vumbi lisitoke.

Kazi hii inafanyika nje au mlango ukiwa wazi. Mbabula ndani ya chumba kilichofungwa inaua, na familia za mji huu zinajua hilo bila kuambiwa.

Je, mtu atajuaje kama imefanya kazi? Kwa kupima. Jirani yao mmoja ana mizani ndogo ya dhahabu. Binti alimpelekea mfuko wa punje kabla ya moto: gramu 118. Kesho yake akarudi na punje zilezile: gramu 92. Jirani akauliza nani ameiba gramu 26. "Ni maji, papa," binti akajibu. Koko alipohadithiwa, hakucheka tena. Asiye na jirani wa dhahabu anaweza kutumia chumvi: aweke kijiko cha chumvi iliyokaushwa pamoja na kifuko ndani ya chupa iliyofungwa. Ikibaki inatiririka baada ya siku kadhaa, kifuko hakijajaa kabisa. Ikianza kushikana, kirudi motoni.

Vipakiti vya kuacha

Si kila kipakiti kinarudi jikoni. Punje za bluu zinazogeuka waridi zikijaa maji zimetiwa kloridi ya kobalti. Ndiyo, kobalti ileile inayotoka kwa wingi Kolwezi, na ambayo Kongo inaongoza dunia kwa kuitoa. Katika punje hizo inatumika kama rangi ya kuonyesha unyevu, na ina sumu. Hazifai kuchezewa na watoto wala kupashwa kwenye mbabula ya nyumbani. Mtoto akizimeza apelekwe kituo cha afya pamoja na kipakiti chenyewe, ili muuguzi aone. Punje za machungwa zinazogeuka kijani hazina kobalti kwa kawaida, lakini nazo zina rangi ya kiwandani, na ni afadhali ziachwe. Nyumbani punje nyeupe tu zinatosha.

Kipakiti chenye unga mweusi ndani, kinachotoka mara nyingi katika mfuko wa chakula, si silika. Ni unga wa chuma unaokula oksijeni. Ukishatumika umekwisha, kuupasha ni kupoteza makala. Vingine vina chumvi ya kalsiamu inayogeuka maji mazito. Hiyo ikimwagika juu ya karatasi inaharibu kuliko kuvu. Kipakiti kilicho na maji ndani kitupwe.

Kile kilicho ndani ya chupa ya dawa kisitolewe. Kiliwekwa hapo kulinda vidonge mpaka cha mwisho, na mgonjwa akikipeleka kwenye sanduku la karatasi, dawa ndiyo inayoumia. Wala vifuko vya kushona nyumbani visiingizwe katika dawa. Warelei wa afya wanajua jambo linalofanana: ndani ya pakiti ya kipimo cha malaria kuna kipakiti kidogo, na kama kipakiti hicho kimebadilika rangi, kipimo kinatupwa, sababu unyevu umeingia na jibu lake haliaminiki.

Ndoo ya rangi

Kuhusu mahali pa kufungia, familia ya Cimpunda ilijaribu mkebe wa maziwa ya unga, lakini karatasi zilikunjwa sana. Leo wanatumia ndoo ya rangi ya ukuta yenye mfuniko wa kubana, iliyooshwa na kukaushwa siku kadhaa mpaka harufu ikaisha. Karatasi zinatandikwa kwanza mezani, moja moja, mchana wa jua, mbali na moshi. Zilizoota kuvu zinakaushwa nje, halafu kuvu inafutwa taratibu na brashi laini, mtu akiwa amefunga kitambaa puani, naye hasugui. Zilizoshikana haziachanishwi kwa nguvu zikiwa nusu mbichi, zinangojwa. Halafu kila karatasi inaingia katika bahasha ya karatasi, bahasha zote ndani ya sashe ngumu, vifuko viwili au vitatu vya silika ndani ya sashe, viwili chini ya ndoo. Punje zisiguse karatasi moja kwa moja. Ndoo haikai tena ukutani. Iko juu ya tofali mbili, upande wa sebuleni.

Kila ndoo ikifunguliwa, unyevu unaingia. Kwa hiyo haifunguliwi kwa kila jambo. Kadi ya mpiga kura na kadi za chanjo, zinazotumika mara kwa mara, zina mkebe wao. Vifuko vinarudi motoni kila baada ya miezi miwili wakati wa mvua.

Njia hiyohiyo inasaidia vitu vingine: mbegu za lengalenga ndani ya chupa zinangoja msimu bila kuota kuvu, redio ndogo na betri zake hazishiki kutu, picha hazigandi kwenye kioo. Koko anakumbusha kwamba wazee hawakuwa wajinga. Mbegu ziliwekwa juu ya moto wa jikoni, au zilichanganywa na majivu makavu ndani ya kibuyu. Ni wazo lile lile: kavu pamoja na kavu, na mdomo kuzibwa. Asiyekuwa na silika anaweza kutumia mchele uliokaangwa mkavu bila mafuta au vipande vya makala vilivyokaushwa, vikifungwa ndani ya kitambaa. Nguvu yake ni ndogo na inabidi kubadili mara nyingi, lakini ni afadhali kuliko sanduku tupu.

Nani analinda karatasi?

Kipakiti hakirudishi muhuri uliokwisha kufutika. Kesi ya mama wa Cimpunda iko bado mbele ya wazee wa familia. Shahidi mmoja wa mauzo amepatikana, mzee anayekaa Bagira, na amekubali kuja kusema. Ofisini, kitabu kinatafutwa bado. Shemeji anapita bado jioni, ila sasa anakaa mlangoni, haingii.

Lakini jambo hili limefungua mazungumzo mengine katika meza za viatu pale sokoni. Katika nyumba nyingi, mume ndiye anayejua karatasi ziko wapi na zinasema nini, na mke ndiye anayefagia chumba zinamooza. Mume anapokufa, mke anarithi sanduku ambalo hakuwahi kuruhusiwa kulifungua. Halafu anaambiwa ni mzembe. Wauza viatu wanasema sasa waziwazi: mwanamke anayeuliza waraka wa nyumba mume akiwa hai hamtakii kifo. Anafanya kazi ya nyumba kama nyingine, sawa na kuziba tobo la bati.

Na Kivu ina sababu yake ya pekee. Mwaka 1996, mwaka 2004, na tena mwaka 2025, watu wa Bukavu waliona vita ikiingia mjini. Katika saa kama hizo mtu hachagui; anashika mtoto na kile kilicho karibu. Karatasi zilizokwisha kukaushwa na kufungwa ndani ya sashe isiyopitisha maji zinaweza kubebwa chini ya mvua usiku mzima. Zilizotawanyika katika masanduku matatu zinabaki.

Wauza viatu kadhaa wa Kadutu wanaweka sasa mkebe wenye mfuniko chini ya meza, na kila karto ikifunguliwa, kipakiti kinaingia humo badala ya kwenda matopeni. Hawauzi. Mteja akiomba anapewa vichache, pamoja na maelezo: nyeupe tu, moto mdogo, nje ya nyumba, mbali na watoto.

Kiangazi ndicho wakati mzuri wa kuanza, jua likiwa bado rafiki. Karatasi zitolewe, zikaushwe, zipigwe picha kwa simu, na fotokopi iliyothibitishwa iwekwe kwa ndugu anayekaa nyumba nyingine, sababu moto wa kartie hauulizi ndoo ni ya nani. Halafu mfuniko ubanwe vizuri, na katika kila nyumba wawepo angalau watu wawili, mmoja wao awe mwanamke, wanaojua ndoo iko wapi na mna nini ndani.